Kabla hujatoa dola 895 kwa ajili ya kadi ya chuma, fungua stetimenti yako

Hizi krediti kadi za chuma zinauzwa kwa picha. Jamaa kakaa launji, glasi mkononi, ndege inaonekana dirishani, na kadi yenyewe akiiweka mezani inatoa ule mlio wa uzito. Hakuna tangazo hata moja linaloonyesha mtu yuko supamaketi ya H-E-B saa nne usiku katoka shifti, bado kavaa nguo za kazini, anasukuma toroli lenye mchele na mapaja ya kuku na maziwa ya watoto. Na huyo ndo mteja halisi, angalau kwa Wabongo na Wakenya ninaowajua mimi hapa Houston, watu tunaopiga boksi wiki nzima na hela ikiingia tu nusu yake ishakuwa na majina ya watu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "kaka, kadi gani kali kwa sasa?" huwa simjibu hapo hapo. Namwambia fungua stetimenti zako za miezi mitatu, tena isiwemo Desemba, halafu tuongee. Wengine wanachukia kidogo maana walishaipenda Platinum toka moyoni, walichokuwa wanataka kwangu ni baraka tu.

Tuanze na bei, maana watu bado wanaongelea bei za zamani. Platinum ya American Express (Amex) ilianza 1984 kwa ada ya dola 250 kwa mwaka. Mwaka 2021 ikawa 695, Septemba 2025 wakaipandisha mpaka 895. Sapphire Reserve ya Chase ilivyotoka Agosti 2016 ilikuwa 450 na bonasi ya pointi 100,000 (zile unazokusanya ukiswaipu, baadaye unazigeuza tiketi au hela), watu wakaigombania mpaka chuma cha kutengenezea kadi kikaisha, wengine wakatumiwa ya plastiki washikie kwanza. Toka Juni 2025 hiyo hiyo ni 795. Venture X ya Capital One ndo mdogo wao, ilizaliwa Novemba 2021, yeye bado yuko kwenye 395. Sasa piga hesabu za kibongobongo, 895 ni karibu tiketi ya kwenda Dar ukiipata kwenye ofa nzuri, kwa hiyo hii kadi lazima ikurudishie tiketi kila mwaka ndo mtoke droo, hapo hujapata faida bado.

Haya, stetimenti. Kazi ya kwanza ni kutoa kila kitu kisichopita kwenye kadi. Kodi ya nyumba mara nyingi haipiti, au inapita kwa makato ya karibu asilimia 3 ambayo yanameza pointi zote na kubakisha deni. Mkopo wa gari haupiti. Halafu kuna ile ambayo websaiti zote za Wamarekani hazina kipengele chake: hela ya nyumbani. Dawa za mzee, ada ya mdogo wako, mifuko ya simenti ya kiwanja cha Goba ambacho fundi kila wiki ana jipya. Hii ndo bajeti kubwa ya watu wengi na kadi haiigusi. Ukijaribu kutuma hela nyumbani kwa krediti kadi, benki nyingi zinahesabu kwamba umechukua keshi, kwa hiyo wanakukata ada juu, kawaida kama asilimia 5, riba inaanza kutembea siku ile ile bila zile wiki za kupumua, na pointi hupati hata moja. Tumia debit, tumia akaunti ya benki, hili halina mjadala.

Ukishatoa hayo yote, yule aliyekuwa anasema "mimi natumia elfu tano kwa mwezi" anabaki na elfu mbili na kidogo. Hapo ndo mazungumzo ya kadi yanapoanzia.

Kazi ya pili ina uchawi kidogo. Kila duka linalopokea kadi lina namba yake ya tarakimu nne inayosema ni biashara ya aina gani, na benki inakupa pointi kwa namba hiyo, haiangalii umenunua nini. Supamaketi ni 5411, mgahawa ni 5812, maduka ya jumla kama Costco ni 5300. Kwa hiyo kadi inayosema inakupa pointi 4 kwa kila dola supamaketi, ukiipeleka H-E-B inafanya kazi vizuri kabisa, ukiipeleka Walmart inakuona kama umenunua tairi. Costco ndo balaa zaidi, toka 2016 maduka yao ya Marekani ni Visa tu kwenye krediti, Amex yako hata iwe ya dhahabu au ya platinamu utairudisha mfukoni na foleni nyuma yako inakuangalia.

Na yale maduka yetu, unayajua. Duka ninalonunuaga unga na dagaa na maharage ya njano liko katikati ya saluni na ofisi ya kodi, mwenye duka anauza mpaka mawigi na vitenge, na kwenye app ya kadi manunuzi yake yanatokea chini ya vipodozi. Unga wa sembe, vipodozi! Hakuna wa kumlaumu, alivyosajili mashine ndo alijaza hivyo. Lakini kama nusu ya chakula chako kinatoka kwenye maduka ya hivi, kadi ya "supamaketi pointi 4" haikufai kama unavyodhani, unahitaji kadi inayolipa sawasawa kila mahali bila kuuliza hapa ni wapi.

Ngoja tuweke namba. Chukua familia ya watu wanne, mama nesi msaidizi, baba anaendesha trela. Kwa mwezi chakula 900, ambapo 500 ni Costco na 400 ni H-E-B, mafuta ya gari 350, simu na intaneti 250, bima za magari 280, kula nje 200. Jumla 1,980 kwa mwezi, mwaka ni 23,760. Wanaenda nyumbani mwaka mmoja ndiyo mwaka mmoja hapana, tiketi zote nne tuseme 6,000, kwa hiyo kwa wastani ni 3,000 kwa mwaka.

Platinum inatoa pointi 5 kwa dola kwenye tiketi za ndege ukinunua kwa shirika lenyewe au kwao, vingine vyote pointi 1. Hii familia itapata 15,000 za ndege na 17,760 za mengine, maana Costco imeshatoka. Jumla 32,760. Ukizithamini senti moja moja ni dola 328, na umelipa 895. Venture X inatoa maili 2 (ndo pointi zao) kila mahali, Costco imo, duka la dagaa limo, inakuja 53,520, na kila ukitimiza mwaka wanakuongezea 10,000. Gold ya Amex, ambayo ada yake ni 325, inatoa 4 supamaketi, 4 mgahawani, 3 kwenye ndege, inafika kama 48,000 bila Costco. Yaani kadi yenye jina kubwa kuliko zote ndo inailipa hii familia kidogo kuliko zote, na kadi ya bure kabisa ya Visa inayorudisha asilimia 2 kama Active Cash ya Wells Fargo ingewapa dola 535 taslimu bila ada na bila kuumiza kichwa. Hii hesabu nikiiweka mezani watu huwa wananyamaza kidogo, halafu anatokea mmoja anasema "lakini Platinum ina krediti nyingi".

Ni kweli inazo, yaani hela wanayokurudishia ukinunua vitu fulani. Wenyewe wanasema zinazidi dola 3,500 kwa mwaka. Tatizo ni namna zilivyokatwa vipande. Uber ni dola 15 kwa mwezi, Desemba wanaongeza 20, usipotumia mwezi ukiisha imekwenda. Migahawa iliyo kwenye Resy, app ya kubuku meza, ni 100 kila miezi mitatu. Lululemon, duka la nguo za mazoezi, 75 kila miezi mitatu. Hoteli ni 300 kila nusu mwaka, lakini lazima ziwe kwenye orodha yao, ulipe kabla, na kundi moja la hizo hoteli linataka ulale usiku mbili kuanzia. Dereva wa trela anayelala ndani ya gari lake pale Amarillo hoteli ya nyota tano anaitakia nini jamani?

Kipimo changu ni kimoja. Mwaka jana, kabla hujawa na hii kadi, hicho kitu ulikilipia kwa hela yako? Kama ndiyo, hesabu krediti nzima. Kama jibu ni "sikulipia ila ningependa", andika sifuri. Suruali ya mazoezi ya dola 118 iliyopunguzwa 75 bado imekutoa 43 ambazo hukuwa na mpango nazo. Kwa kipimo hiki mtu anayelipia Walmart+ na Disney+ toka zamani anapata kitu cha kweli kwenye Platinum, na mtu anayepanda Uber kwenda kazini kila wiki anapata kitu. Mwingine anabaki anakimbizana na kalenda ya krediti kama kazi ya pili, na sisi kazi ya pili tunayo tayari.

Reserve kwenye hili ina kitu kimoja ninachokipenda, wana krediti ya dola 300 ya safari ambayo haina masharti ya ajabu. Pakingi imo, treni imo, toli za barabara zimo. Mtu wa Houston anayepita Sam Houston Tollway kwenda na kurudi kazini, EZ TAG yake (kile kibandiko cha kulipia toli) ikijijaza yenyewe kwa hiyo kadi, zile 300 zinaisha bila hata kuzifikiria. Hiyo ni hela ya kweli. Zilizobaki, zile za StubHub wanaouza tiketi za matamasha na za migahawa yao maalum, rudi kwenye kipimo cha juu. Ukitoa 300 umebaki na 495 za kutafutia sababu, na sababu yako inabidi iwe safari. Venture X nayo wana 300 lakini lazima ununue kupitia potali yao, na hapo kuna kitu watu hawawaambii: tiketi ya kwenda Kilimanjaro ukiinunua kwenye potali, siku shirika likibadilisha ratiba utaanza kupigiwa danadana, shirika linakutuma kwa potali, potali inakutuma kwa shirika. Mimi ile 300 ningeitumia kwenye ndege fupi za humu humu ndani.

Tuongee safari ya nyumbani sasa, maana hapa ndo penye nyama. Launji kwanza tuimalize haraka. Launji za Centurion za Amex, toka Februari 2023, mgeni wako mtu mzima analipiwa dola 50 kwa kichwa, labda uwe umetumia 75,000 kwa mwaka. Capital One nao toka Februari 2026 wageni ni kwa malipo. Kwa hiyo baba utaingia kula kuku wa bure na mama na watoto wabaki geti la D na mabegi? Utalala wapi siku hiyo? Msafiri wa peke yake, sawa. Familia, usiweke launji kwenye sababu tatu za kwanza.

Bima ya safari watu hawaiongelei na ndo inayotusaidia sisi kuliko wengi, kwa sababu safari yetu ni ndege mbili au tatu na lazima kuna mahali pa kuunganisha. Ukilipa tiketi kwa Reserve, ndege ikichelewa masaa 6 na kuendelea au ikakulaza njiani, wanarudisha hadi dola 500 kwa kila tiketi, chakula, hoteli, mswaki. Begi likichelewa zaidi ya masaa 6 kuna hadi dola 100 kwa siku mpaka siku 5. Umeshuka KIA, begi lenye suti ya harusi ya mdogo wako limebaki Amsterdam, harusi kesho, na mjini Arusha suti zipo. Tunza risiti tu, na omba karatasi ya shirika inayosema begi limechelewa kabla hujatoka uwanjani, bila hiyo hupati kitu. Sapphire Preferred, mdogo wake Reserve hapo hapo Chase mwenye ada ya dola 95, nayo ina bima hizi ila kuchelewa kwa ndege inaanza kuhesabu kwenye masaa 12.

Na hiyo Preferred ndo siri ambayo matangazo hayaipigii kelele. Pointi zake zinahamia mashirika yale yale ya ndege kama Reserve, moja kwa moja, bila tofauti. Flying Blue, programu ya maili ya Air France na KLM, ambayo inakupeleka kwa KLM mpaka Kilimanjaro na Dar. Aeroplan ya Air Canada, ambayo kupitia Star Alliance unapata Ethiopian, unatoka Houston kwa United mpaka Dulles kule Washington, halafu Addis, halafu nyumbani. Watoto wa miaka 2 mpaka 11 Flying Blue wanawapunguzia robo ya maili, na kwa familia hiyo sio hela ndogo.

Ila thamani kubwa ya pointi kwa watu wetu mimi naiona kwenye msiba. Simu inaita saa tisa usiku, unatakiwa uwe njiani kesho, na tiketi ya kesho kwa hela inaweza kuwa mara mbili ya kawaida. Aeroplan kwa mashirika mengi washirika inatumia chati ya umbali, kwa hiyo kama kiti cha maili kipo kesho, kinagharimu maili zile zile za miezi sita ijayo. Kipo au hakipo hiyo ni bahati, lakini mwenye pointi 80,000 zimelala Chase au Amex ana mlango mmoja zaidi ya mwenzake anayeanza kupitisha daftari la rambirambi. Ndo maana namwambia mtu usizihamishe pointi mapema kwenye shirika lolote, zikishahamia hazirudi. Ziache kwenye benki, siku ya shida ndo utajua zielekee wapi.

Kuna na hili la kamati za harusi, mnaojua mnajua. Bonasi ya kukaribishwa kwenye kadi kubwa inataka utumie elfu kadhaa ndani ya miezi michache, Venture X kwa kawaida ni 4,000 ndani ya miezi mitatu, na kwa familia yetu ya 1,980 kwa mwezi hiyo inafikika ila ukali upo. Basi mtu anajitolea, "ukumbi nitalipa mimi kwa kadi, nyie nitumieni Zelle", yaani hela taslimu benki kwa benki. Kiakili ni safi kabisa, ukumbi, keki, chakula, DJ, vyote vinapita na bonasi inaingia. Lakini ahadi za michango wewe hujui zilivyo? Mtu kaahidi 300 kwa kelele na makofi, harusi imeisha, bwana na bibi harusi wameshatoka fungate, yeye bado "Ijumaa nikilipwa". Stetimenti haimsubiri. Ukitaka kufanya hivi kusanya Zelle kwanza, swaipu baadaye, na ahadi ambayo haijalipwa usiiwekee ukumbi.

Maana riba ya hizi kadi sasa hivi inazidi asilimia 20 kwa mwaka. Mwenye tabia ya kubakiza salio asome hapa aachie, aende credit union akatafute kadi ya riba ndogo. Pointi za watu wanaolipa yote kila mwezi zinatokana na riba za wasiolipa yote, pamoja na makato ya wenye maduka ambayo ni kama asilimia 2 ya kila unaposwaipu. Ndo maana ndugu zetu wa Ulaya wakiuliza mbona wao hawapewi hizi bonasi nono, sheria ya Umoja wa Ulaya toka 2015 imeyabana yale makato kwenye krediti mpaka asilimia 0.3. Hamna mfuko wa kutolea.

Ukiamua kuchukua, mpangilio nao una sheria zake. Chase ukiwa umefungua kadi tano za benki yoyote ndani ya miezi 24 wanakukatalia hata uwe na skoo ya mikopo ya 800, kwa hiyo wao anza nao. Amex bonasi ya kila kadi ni mara moja maishani, na ukishakuwa na Platinum wanaweza kukunyima bonasi ya Gold, kwa hiyo panda kutoka chini, Gold kwanza. Na ada ikipiga mwaka wa pili ukaona haina maana, Amex wanakurudishia yote ukifunga ndani ya siku 30 baada ya stetimenti yenye hiyo ada. Kabla ya kufunga wapigie au waandikie kwenye chat uwaulize kama wana ofa ya kukubakisha, mara nyingine ipo. Chase waombe wakushushe kwenye Freedom, kadi yao isiyo na ada, badala ya kufunga, laini inabaki, historia inabaki.

Kwetu nyumbani mimi nina Preferred na kadi moja ya asilimia 2 ya Visa kwa ajili ya Costco na duka la dagaa, wife ana Gold kwa jina lake mwenyewe. Sio mtumiaji wa ziada kwenye yangu, akaunti yake, skoo yake, na bonasi yake aliipata mwenyewe kwa linki ya mwaliko kutoka kwa shemeji yake, ambaye naye akalipwa pointi kwa kumwalika. Platinum tulishaipigia hesabu pale mezani na kalamu, ikafika mia nne na kitu kwa krediti tunazotumia kweli, akaniuliza sasa hizo mia tano nyingine analipa nani.